Watu Wasiongoja Jibu

“Yeye atakunywa nini?”

Mhudumu aliniuliza mimi, huku kalamu yake ikimwelekea mume wangu kama mtu anayeonyesha kiti. Tulikuwa katika hoteli moja ya chai katikati ya jiji la Nairobi, ghorofani, mezani karibu na dirisha. Mume wangu alikuwa amekaa mbele yangu na koti lake la kijivu, mdomo ameshaufungua, na neno la kwanza lilikuwa njiani. Nimeishi naye maisha yangu yote ya utu uzima. Neno lake likiwa njiani nalijua.

“Muulize mwenyewe,” nikasema.

Mhudumu akamwinamia, akapaza sauti mpaka watu wa meza ya pili wakageuka. “Mzee! Chai ama kahawa?”

Mume wangu si kiziwi. Anasikia hata bomba la jirani likivuja.

“Ch...” akaanza. “Ch... cha...”

“Chai,” mhudumu akamalizia, akaandika, akaondoka.

Alikuwa anataka chai ya rangi yenye tangawizi. Aliletewa chai ya maziwa, na tangu atoke hospitalini maziwa yanamkaba koo. Akaitazama mpaka ikafanya utando juu. Mhudumu aliporudi kuchukua vikombe, aliniuliza mimi kama mzee hakuipenda.

Ili mtu aelewe uchungu wangu, lazima ajue mume wangu alikuwa nani. Kazi yake ya mshahara ilikuwa mtaa wa Ngara, katika duka la jumla la vitambaa la familia moja ya Kihindi, na aliuza pale miaka mingi mpaka wateja wageni wakadhani duka ni lake. Lakini Jumamosi alikuwa mali ya watu. Kijana akitaka kuoa, ukoo ukijiandaa kwenda kuzungumza mahari huko Limuru au Thika, walimjia yeye awe msemaji wao. Aliingia katika boma la watu asiowajua, akasimama mbele ya wazee waliokunja nyuso, akawaambia kwamba wapita njia wameona ua likichanua ndani ya uzio huu na wamekuja kuuliza kama linaweza kuhamishwa bila mizizi kuumia. Alipofika katikati ya maneno yake, wazee walikuwa wanacheka na wanawake wametoka jikoni kusikiliza. Hakuna aliyewahi kumwambia aharakishe. Nimeona watu wakimwomba arudie.

Kiharusi kilimpata asubuhi akinyoa ndevu. Mkono wa kulia ulilegea, mdomo ukavutika upande mmoja, na maneno yakakwama. Akili haikuguswa. Hilo ndilo jambo ambalo sijaweza kuwaeleza watu wa mji huu. Anajua anachotaka kusema, anajua hata utani atakaouweka mwishoni; ni kule kulitoa neno kunakochukua muda. Ukimpa muda, analitoa.

Hospitalini alipata mwalimu wa kumfundisha kusema upya, dada mdogo mpole mwenye miwani. Alipomaliza naye mazoezi ya mwanzo alituketisha sote wawili.

“Mama, sasa kazi ni yako,” aliniambia. “Na kazi yako ni kunyamaza.”

“Ninyamaze vipi?”

“Ukimmalizia neno, unamnyang’anya. Atoke aongee na watu asiowajua. Aagize chai mwenyewe, anunue dawa mwenyewe. Wewe simama kando.”

“Na watu?” nikamuuliza.

“Watu watangoja,” akasema. “Wakiona mtu anajaribu, watu huelewa.”

Nilimwamini. Sasa nadhani yule dada alikuwa hajasimama katika foleni nyingi.

Baada ya ile hoteli nilimwambia mume wangu tujaribu Ngara. Nilifikiri mahali alipofanya kazi maisha yake yote patamtia moyo. Tuliishi mtaa wa Jamhuri wakati huo na bado tunaishi huko, kwa hiyo haikuwa safari ya kuchosha, na njiani alikuwa mchangamfu. Alitaka kununua dawa yake ya presha katika duka la dawa lililo karibu na lile duka la vitambaa. Alirudia maneno ndani ya gari. “Naomba... dawa... ya presha.” Akayasema tena. Akayasema mpaka yakalainika.

Tukapanga foleni. Yeye mbele, mimi kando yake, mdomo nimeufunga kama nilivyoagizwa. Nyuma yake alisimama mwanamume aliyembana mpaka begi lake likawa linamgusa mgongoni kila akipumua. Sijui nani aliwafundisha watu wa Nairobi kwamba ukimsogelea aliye mbele yako, foleni itaenda haraka. Huyu alikuwa anatazama mahubiri kwenye simu, sauti yote juu, mhubiri analia na watu wanapiga kelele, na sisi wengine wote tukawa waumini kwa nguvu.

Zamu ya mume wangu ikafika. “Na...” akasema. “Naom...”

Mkono ukapita juu ya bega lake. Mkono wa mwanamke aliyeingia wakati huo huo kutoka barabarani. “Mimi nauliza tu,” akasema.

Kama umekaa mji huu unaijua sentensi hiyo. Anayeuliza tu hana haja ya kupanga foleni. Aliuliza kama kuna dawa ya kikohozi, akaonyeshwa, akauliza kama kuna ya bei nafuu, akaonyeshwa, akalipa, akachukua chenji, akaenda zake. Hakututazama hata mara moja.

Mume wangu akaanza upya. Mtu akianza upya baada ya kukatizwa, neno linakuwa zito kuliko mara ya kwanza. Niliona shingo yake ikikaza. Muuzaji, kijana wa kiume, alikuwa ametulia lakini macho yake yalikuwa yanarukia mlangoni, na mume wangu anayaona macho hayo. Wakati huo mwenye mahubiri akanielekezea kidevu, akasema, si kwa sauti ndogo, “Mzee, si huyo mathe akusemee tu? Watu wako na kazi.”

Nyuma mtu akaguna kumuunga mkono. Nilimtazama mume wangu. Hakunitazama. Alishika ukingo wa kaunta kwa mkono wake mzima, akalisukuma neno moja, akalisukuma la pili, na mwishowe dawa ya presha ikatajwa, wazi kabisa, na muuzaji akageuka kwenye rafu.

Mume wangu akanigeukia. Uso wake ulikuwa uso wa zamani.

“Afadhali,” akasema yule wa mahubiri, na watu wawili watatu wakacheka.

Mume wangu akacheka pia. Hilo ndilo lililoniuma. Alicheka nao, kwa sababu hivyo ndivyo alivyozoea kuwalainisha watu wagumu, akasahau kwamba safari hii yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anachekwa. Au hakusahau. Sijawahi kumuuliza.

Tangu siku hiyo macho yangu yalifunguka vibaya. Mambo ambayo zamani niliyapita nilianza kuyaona kila mahali, na nikishayaona siwezi kuyaacha. Wanaosimama mlangoni pa lifti na kuingia kabla walio ndani hawajatoka. Wanaotembea wanne sambamba barabarani na kukuachia mtaro. Mwanamke mmoja aliyeketi karibu nami benki akizungumza na dada yake kwa spika, mpaka ukumbi mzima ukajua shemeji analala wapi siku hizi. Nilikaa nikimtazama kwa chuki ambayo sikujua ninayo. Nilijiambia kwamba huyu naye ana maneno mengi kiasi hiki, na yote yanatoka bila shida, na anayatumia hivi.

Mume wangu hakuwa na chuki hiyo. Yeye ndiye aliyesema twende Karen.

Kule, mtaa wa matajiri, kuna kituo cha maduka chenye duka kubwa lenye sehemu ya nyama, na tangu atoke hospitalini alikuwa anatamani mbavu za mbuzi. Nami nikaona ni wazo zuri. Njia za ndani ni pana, hakuna msukumano, na nilifikiri watu wenye bustani kubwa hivyo wana haraka ya nini. Tulikwenda asubuhi, siku ya katikati ya wiki. Ndani ya gari alifanya mazoezi yake. “Mbavu... za... mbuzi.” Mimi naendesha, yeye anarudia, na kulikuwa na jua zuri kwenye miti ya Ngong Road. Nakumbuka niliona tumeanza kuizoea hali yetu.

Kwenye kaunta ya nyama alikuwapo mwanamume aliyevaa aproni nyeupe, na nitasema haki yake: alingoja. Alitabasamu, akaweka mikono juu ya kioo, akangoja.

“Ni... nipe...” mume wangu akasema.

Nyuma yetu alifika mwanamume wa makamo, shati la mikono mifupi, funguo za gari kidoleni anazizungusha. Alingoja kidogo sana. Kisha akamwambia mwenye aproni kwa Kiingereza kwamba yeye anataka soseji tu, amhudumie yeye haraka wakati huyu bwana akiendelea kufikiri. Mwenye aproni akasita, akasema, “Kidogo tu, bosi, nimalizane na mzee.”

“Mb...” mume wangu akasema. “Mba... mba...” Mate yakamtoka kwenye pembe ya mdomo, upande ule uliolegea. Yalikuwa yanamtoka akijitahidi sana. Akatoa kitambaa kufuta, lakini mkono wa kulia haukufika vizuri, kitambaa kikaanguka, na alipoinama kukiokota akayumba.

“Huyu amelewa,” yule wa funguo akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesema mvua imeanza. Kisha akamwita bawabu aliyekuwa karibu na mboga. “Kuja uone hii. Asubuhi hivi mtu amelewa na mnamwachilia aingie.”

Mume wangu ni mzee wa kanisa. Pombe hajaitia mdomoni tangu kabla hatujaoana.

Bawabu alikuja. Alikuwa kijana, na naamini alikuwa anaogopa kazi yake. Akamshika mume wangu kiwiko, akashika mkono ule mbaya, akamwambia, “Mzee, hebu niongeleshe.” Halafu akasogeza pua yake karibu na mdomo wa mume wangu, kunusa.

Nilikuwa nimenyamaza mpaka hapo. Nilikuwa nimesimama kando na toroli letu, nikishika kile chuma, nikijiambia kunyamaza ni dawa, kunyamaza ni dawa. Mume wangu alikuwa anavuta mkono wake, na bawabu, akidhani anataka fujo, akaukaza. Wakati huo nikamwona mwanamke mmoja kijana upande wa maziwa ameinua simu. Alikuwa anarekodi.

Sijui nilisema nini kwanza. Najua nilimwambia bawabu amwachilie mume wangu la sivyo atanijua mimi ni nani, maneno ya kijinga, kwa sababu mimi si mtu yeyote. Nilisema huyu ana kiharusi. Nililisema neno kiharusi kwa sauti kubwa sana. Bawabu akaachilia mkono kama ameungua.

“Pole mama, pole, sikujua,” akaniambia mimi.

Nikamgeukia mwenye funguo. “Wewe je?”

“Na mimi ningejuaje?” akasema. “Angesema yeye mwenyewe.”

Angesema yeye mwenyewe. Nimeibeba sentensi hiyo tangu siku ile. Alikuwa anasema! Mbele yako, bwana, alikuwa anasema, na ulikuwa umepewa kila kitu katika dunia hii isipokuwa subira ya kungoja maneno matatu. Lakini hayo yalinijia baadaye, nikiosha vyombo. Pale pale yeye aligeuka akaenda, na hata soseji zake hakuchukua, kana kwamba ni sisi tuliomharibia asubuhi.

Yule msichana wa simu nilimkuta karibu na mlango. Nikamwomba afute aliyorekodi. Akaniambia hakurekodi chochote, huku simu ameishika kifuani. Sijui video hiyo ilienda wapi. Kwa miezi kadhaa kila simu yangu ikilia nilidhani ni jamaa fulani ameiona.

Meneja alitoka ofisini kwake, akapeana mkono nami, akaomba msamaha kwangu, akatuma mtu alete keki ndani ya sanduku, akanikabidhi mimi. Mume wangu alikuwa amesimama pale. Walipomaliza kuniomba radhi hakuna aliyempa hata mkono. Nilitoka na keki kwa sababu sikujua jinsi ya kuikataa, na tulipofika kwenye gari mume wangu alilitazama lile sanduku, akatikisa kichwa. Nikaliacha juu ya ukuta wa maegesho.

Tuliendesha mpaka tukakaribia nyumbani. Kisha akasema, kwa shida yake, “Mama... basi.”

Nilijua anachomaanisha, na sikumbishia.

Wiki iliyofuata yule dada wa hospitalini aliniuliza kwa nini mazoezi yamerudi nyuma. Nikamweleza. Akasikitika kwa kweli, macho yakamlegea. Akasema tusikate tamaa, tutafute mahali penye watu wachache.

“Njoo twende wote,” nikamwambia. “Njoo siku moja usimame kando kama ninavyosimama mimi.”

Akasema angependa, lakini ratiba yake imejaa. Sikumlaumu. Nilichoka tu kuambiwa watu huelewa.

Tulijaribu kanisani, ambako angalau wanamjua. Kanisani kuna jambo la ajabu: anaimba. Ukianza wimbo anaoujua, maneno yanatoka yameshikana na sauti, ubeti mzima bila kukwama. Daktari alinieleza kwamba kuimba kuna njia yake kichwani. Mimi huwa nasimama kando yake namsikiliza na moyo unanijaa. Baada ya ibada, mzee mwenzake wa kanisa, mtu aliyewahi kumtuma mume wangu akamwombee kijana wake mke, alinivuta pembeni akaniambia, “Si anaweza kuongea akitaka? Nimemsikia akiimba. Mnamdekeza.”

Niliondoka pale bila kumuaga.

Sasa mume wangu hatoki. Asubuhi anakaa kwenye baraza ndogo mbele ya nyumba, nyuma ya lango letu la vyuma, anapigwa na jua. Wapita njia wanamwona na wanamsalimu. Wanasema, “Mzee, habari ya asubuhi?” na hawapunguzi mwendo. Anayekwenda kazini amebeba begi, anayemtembeza mbwa, wote wanatupa salamu yao kwa mkono ulioinuliwa na kupita. Yeye anafungua mdomo. Anajitahidi. Jibu linapofika, aliyesalimu ameshapita nyumba ya tatu. Nimemsikia nikiwa jikoni akisema “Nzuri” peke yake, na mara nyingine nimemsikia akiacha katikati.

Mwezi uliopita nilikuwa natoa taka nje ya lango, jirani wa nyumba ya mkabala akasimamisha gari lake. Ni mwanamke wa makamo, tunajuana tangu wahamie. Akashusha kioo.

“Dada, nisamehe, lakini lazima nikuambie,” akasema. “Mzee wako siku hizi ana madharau. Tunamsalimu, hajibu. Sio mimi peke yangu, hata wengine wameona. Zamani alikuwa mtu wa watu.”

“Anajibu,” nikamwambia.

“Hajibu. Juzi nimemsalimu hapa hapa.”

“Na ulisimama?”

Akanitazama kama hakuelewa swali. “Nilikuwa naenda kazini.”

“Basi usimsalimu,” nikasema. “Kama huna nafasi ya jibu, usimsalimu. Pita kimya. Utakuwa umemheshimu zaidi.”

Uso wake ukabadilika. Alisema yeye alikuwa anajaribu tu kuwa jirani mwema, na kwamba hakujua siku hizi ukimwambia mtu ukweli anakurukia. Akapandisha kioo. Nilibaki na mfuko wa taka mkononi, na nilitaka kumkimbilia nimwambie mengine, mengi sana, ya duka la dawa na ya Karen na ya kanisani, yote yamwangukie yeye peke yake. Gari likakata kona.

Tangu siku hiyo hatusalimiani. Nasikia sasa wanasema sisi sote wawili tuna madharau, kwamba mzee hajibu na mke wake ana mdomo. Waseme.